Vyuo vya Wananchi Visiishie Kwenye Randa na Cherehani

Kijana wa Songea aliyemaliza masomo ya shule bila kupata nafasi ya kuendelea huulizwa swali moja: utasomea ufundi gani? Hatuna ugomvi na swali hilo, kwani mkoa unaolima na kujenga unahitaji mafundi. Ugomvi wetu ni kwamba swali la pili, yaani mtu huyo ajue nini ili awe mwananchi kamili, sasa husikika kwa nadra, hata katika vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili yake.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden. Mfano wake ulikuwa shule za wananchi za Skandinavia, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844, kwa mawazo ya Mchungaji Grundtvig: wakulima wasome historia, lugha na mambo ya nchi yao pasipo kukimbizana na mitihani. Hapa kwetu mwanafunzi alichaguliwa na kijiji chake, akasoma siasa, uchumi na utamaduni pamoja na kilimo na ufundi, kisha akarudi kijijini.

Huo ndio uliokuwa uzuri wake, na udhaifu wake pia, maana mzazi hutaka kuona cheti. Mwaka 2012 vyuo hivi vikaanza kuingiza mafunzo ya ufundi stadi ya VETA, na baadaye vikahamishiwa Wizara ya Elimu. Mkoani mwetu tunavyo Muhukuru, Mbinga na Nandembo. Lipo la kushukuru: vyuo hivi vimewapokea wasichana waliokatishwa shule na uzazi.

Lakini mkulima wa Tunduru anauza korosho kwa stakabadhi ghalani. Bei hutajwa mnadani, makato hukatwa, na hesabu hupita katika chama cha msingi. Asiyeweza kusoma taarifa ya hesabu, wala kusimama katika mkutano mkuu akahoji kwa ushahidi, atapunjwa hata akiwa seremala hodari. Tutaambiwa kwamba stadi za maisha na ujasiriamali hufundishwa. Sawa, lakini kumfundisha mtu kuuza meza si kumfundisha kuhoji makato.

Wazee wanaikumbuka Litowa. Katika miaka ya 1960 vijiji vilivyoungana nayo katika chama kilichojulikana kwa kifupi kama RDA vililima pamoja, vikajadili mambo yao vyenyewe, na Litowa ikawa na shule yake. Mwaka 1969 TANU ilikivunja chama hicho. Watu waliozoea kuamua mambo yao hawakumpendeza kila mkubwa, na tunashuku kwamba hata leo elimu ya namna hiyo haina watetezi wengi maofisini.

Tunaloomba si kubwa. Katika ratiba ya mwanafunzi wa Muhukuru zitengwe saa chache kila juma kwa hesabu za ushirika, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, namna ya kuendesha mkutano, na historia ya Majimaji, ambayo makumbusho yake yapo hapa hapa Songea. Ofisa ushirika au hakimu mstaafu aweza kualikwa kufundisha. Ila somo hilo lipewe alama, na alama zionekane kwenye cheti, la sivyo wanafunzi watalikimbia na wazazi watawaunga mkono.