Sigara: Baba Anaacha, Mama Je?

Mwezi huu tunaongea juu ya swali linalozunguka huku Mengo: eti kuna watu wanaacha sigara kwa kulazwa usingizi. Ni kweli, ama ni uchawi?

Si uchawi. Inaitwa hipnosisi, na mtu halali kabisa. Anakaa, anatulizwa kwa maneno ya polepole mpaka mawazo yake yashike jambo moja tu. Daktari Herbert Spiegel wa Marekani alieleza njia yake mwaka 1970. Mvutaji anafundishwa mambo matatu: moshi ni sumu kwa mwili, bila mwili huwezi kuishi, basi uheshimu mwili wako. Halafu anayarudia mwenyewe nyumbani.

Je, inasaidia? Mwaka 2019 wataalamu wa Cochrane walipitia tafiti 14 zenye watu 1,926. Hawakupata uhakika kwamba inashinda misaada mingine. Kwa hiyo mtu akidai pesa nyingi na kuahidi kwamba utaacha kwa siku moja, shika mfuko wako.

Sasa sikieni jambo lingine. Mwaka 2008 Joseph Green na wenzake wawili walikusanya tafiti za hipnosisi, wakaona wanaume waliofaulu kuacha ni wengi kuliko wanawake. Hata plasta ya nikotini inayobandikwa kwenye ngozi, tafiti kadhaa zimeonyesha inawasaidia wanawake kidogo kuliko wanaume. Si kwamba mama ana moyo mdogo! Mwili wa mwanamke kwa kawaida unamaliza nikotini haraka zaidi, na akiwa na mimba haraka kupita hapo. Tena wengi wanavuta ili kutuliza wasiwasi. Ukiondoa sigara, wasiwasi bado uko.

Hapa Uganda, uchunguzi wa mwaka 2013 ulionyesha watu wazima wanaotumia tumbaku ni asilimia 11.6 ya wanaume na asilimia 4.6 ya wanawake. Wanawake ni wachache, lakini wanajificha. Baba anavuta mbele ya duka, marafiki wanamwambia, "Bwana, punguza." Mama anavuta usiku nyuma ya choo, ama ananusa ugoro, kwani akijulikana ataitwa malaya. Sasa mtu aliyejificha atashauriwa na nani? Na kama ana mimba, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati ama na uzito mdogo.

Basi wababa, ukigundua bibi yako anavuta, usimpige wala usimtangaze kwa majirani. Muulize hamu inamshika saa ngapi. Chagueni pamoja siku ya kuacha, na saa ile ya hamu umshikie watoto, atembee kidogo ama anywe maji. Kama na wewe unavuta, acheni siku moja, maana ni vigumu mmoja kuacha huku mwingine anawasha.

Wamama, mkienda kupima mimba mwambieni mkunga ukweli. Kazi yake ni kusaidia, si kuhukumu.

Na wenye maduka, mkumbuke sheria ya mwaka 2015: kuuza sigara moja moja ni marufuku, na kumuuzia mtu ambaye hajafika miaka 21 pia ni marufuku. Msiwatume watoto sigara.

Aliyeanguka akavuta tena, msimcheke. Aanze upya kesho. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.