Ushahidi Kwanza, Soko Baadaye

Sisi tunaoitoa ilani hii ni wasusi, mama lishe, wakulima wa mboga, wakunga, walimu wa sayansi, na wanawake waliokaa kwenye mabenchi ya kliniki za uzazi hadi wakazoeana na wahudumu. Wamo pia waume zetu na kaka zetu, maana mimba isiyoshika ni shida ya nyumba nzima. Tumekutana Dar es Salaam kuanzisha harakati yenye dai moja kubwa: kemikali inayoweza kuingilia homoni za binadamu isiuzwe mpaka anayeiuza athibitishe kuwa ni salama. Leo mambo yako kinyume. Inauzwa kwanza, halafu mwanamke ndiye anayetakiwa kuthibitisha, akiwa ameshaumia, kwamba ilimdhuru.

Homoni si habari ya kuwaachia madaktari peke yao. Kila mwezi ubongo hupeleka ujumbe kwenye ovari kwa njia ya damu. Ovari hukomaza yai na kutoa estrojeni, na estrojeni hujenga ukuta wa mji wa mimba. Yai likishatoka, projesteroni huuandaa ukuta huo kupokea mimba. Mimba isipotunga, homoni hushuka na hedhi huja. Kazi yote hiyo hufanywa na kiasi kidogo mno. Estrojeni iliyomo kwenye damu hupimwa kwa pikogramu, na gramu moja ina pikogramu trilioni moja. Homoni hukaa kwenye kipokezi chake ndani ya seli kama ufunguo kwenye kufuli, na shida ni kwamba kufuli hiyo hukubali hata funguo za bandia. Baadhi ya viuatilifu, kemikali za plastiki na za vipodozi hufanana na estrojeni kiasi cha kuiamsha seli. Nyingine huziba tundu, nyingine huvuruga namna mwili unavyotengeneza homoni zake au kuziondoa. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yalisema kemikali zipatazo 800 zinajulikana au zinashukiwa kuwa na tabia hiyo, na kwamba ni chache tu kati yake zilizowahi kupimwa ipasavyo.

Anayetuambia tusubiri ushahidi kwa mwanamke aliyeumia, tunamwomba asome habari ya DES.

DES ni estrojeni ya maabara. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1938 na timu ya Charles Dodds, ikawa rahisi kutengeneza na bei yake chini. Madaktari wa Marekani wakaanza kuwapa wajawazito ili mimba zisiharibike. Mwaka 1953 watafiti wa Chicago, wakiongozwa na William Dieckmann, walichapisha matokeo ya jaribio la wajawazito zaidi ya 1,600: karibu nusu walipewa DES, waliobaki kidonge kisicho na dawa. DES haikuzuia mimba hata moja zaidi kuharibika. Hapo hadithi ingepaswa kuisha. Lakini DES iliendelea kuandikwa kwa miaka 18 mingine. Kabla miaka hiyo haijaisha, hospitali moja ya Boston ilianza kupokea mabinti wenye saratani ya uke ya aina ambayo kwa umri wao ilikuwa nadra sana kuonekana. Wote walikuwa na miaka 15 hadi 22. Mama wa mmoja wao ndiye aliyemuuliza daktari kama huenda ni ile dawa aliyomeza alipokuwa na mimba ya binti huyo. Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa wanane: mama saba kati ya wanane walikuwa wamemeza DES. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo isitumike kwa wajawazito. Baadaye ilionekana kwamba mabinti wengine wengi, wasio na saratani, walizaliwa na mji wa mimba wenye umbo lisilo la kawaida, wakapata shida ya kushika mimba, mimba zilizotunga nje ya kizazi na watoto njiti.

Dawa iliyomezwa na mama ilimdhuru binti miaka ishirini baadaye. Ndiyo maana hatukubali hoja ya "mbona watu wanatumia na hawafi". Kiungo kinapoumbwa tumboni, muda wa kukiharibu ni wiki chache na muda wa kuuona uharibifu ni kizazi kizima.

Dodds huyohuyo, mwaka 1936, aliipima bisfenoli A, ambayo leo tunaiita BPA, akaona nayo inafanya kazi ya estrojeni, ingawa kwa nguvu ndogo sana. Haikuwa dawa. Miaka ya baadaye viwanda vikaichukua kutengenezea plastiki ngumu inayong'aa, utando wa ndani wa makopo ya vyakula, na karatasi laini za risiti. Tabia yake ilikuwa imeshaandikwa kabla plastiki hizo hazijazaliwa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango inachokiona salama mara 20,000. Wapo walioiondoa BPA wakaweka ndugu yake BPS, wakaandika kwa herufi kubwa kwamba chupa haina BPA. Na ndugu huyo naye ana tabia za ukoo.

Turudi nyumbani. Ingia saluni yoyote ya mtaani Ijumaa jioni. Mteja amepakwa mafuta ya mgando pembeni mwa kichwa, dawa ya kulainisha nywele inapakwa, na kadiri inavyowasha ndivyo anavyoambiwa avumilie kidogo ili nywele zilale vizuri. Ngozi ikichubuka kemikali hupita kwa urahisi zaidi. Msusi hana glovu, au anayo moja iliyotoboka. Dirisha limezibwa na bango. Mwanawe mchanga amelala kwenye kochi nyuma ya pazia. Mteja huja baada ya wiki kadhaa. Msusi yumo humo kutwa, siku sita za wiki. Mwaka 2022 utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kupata saratani ya mji wa mimba kuliko wasiozitumia: kufikia umri wa miaka 70, asilimia 4.05 badala ya asilimia 1.64. Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2012, uliwahusisha wanawake weusi na ukaona uhusiano kati ya dawa hizo na fibroidi, yaani uvimbe wa mji wa mimba. Uhusiano si uthibitisho, na hatutamtisha mtu. Lakini tuna haki ya kujua kilichomo ndani ya kopo, na lebo nyingi zinaishia kwenye neno moja, manukato, ambalo laweza kuficha kemikali za kuvuruga homoni ziitwazo thaleti, zinazowekwa ili harufu idumu.

Jikoni nako kuna lake. Sufuria ya wali inafunikwa kwa nailoni ili wali uive, supu inamiminwa ikichemka kwenye mfuko, na mkaa unawashwa kwa vipande vya plastiki. Nailoni haitengenezwi kwa BPA, na anayesema hivyo anakosea. Ila plastiki huwekewa viongezi, mifuko mingi haikutengenezwa kwa ajili ya chakula, na joto pamoja na mafuta ndivyo vinavyovisukuma viongezi hivyo kuingia kwenye mlo. Moshi wa plastiki, hasa ile ya PVC, hubeba dioksini, nazo zimo kati ya kemikali zinazovuruga homoni.

Shambani tunalo fundisho la Vikuge, Kibaha. Shehena ya viuatilifu vilivyopitwa na wakati, DDT ikiwemo, ilihifadhiwa pale kuanzia miaka ya 1980, ghala likabomoka, sumu ikaingia ardhini. Watafiti waliopima baada ya eneo kusafishwa waliikuta ingalipo. Leo mkulima wa nyanya hupiga dawa kwa bomba la mgongoni, na mkewe ndiye anayezifua nguo zile kwa mikono mitupu.

Hatutaki kuchanganya kweli na uzushi. Kuku wa kisasa hakui haraka kwa sababu ya kudungwa homoni. Hukua kwa mbegu iliyochaguliwa na chakula kizuri. Sindano, vijiti na vidonge vya uzazi wa mpango ni dawa zilizopimwa, zenye kipimo na maelekezo, na mwanamke huzichagua mwenyewe. Anayetumia jina la harakati hii kuwatisha wanawake waache uzazi wa mpango hayumo kati yetu. Vilevile hatusemi kila fibroidi imetoka kwenye kopo la mafuta. Endometriosisi, yaani tishu kama ya ukuta wa mji wa mimba kuota nje yake, inayompata karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, ina vyanzo ambavyo sayansi bado inavichambua. Tunachosema ni kwamba estrojeni huchochea maradhi hayo, na kumwongezea mwanamke estrojeni ya bandia bila ridhaa yake ni dhuluma.

Dhuluma hiyo ina nyongeza. Mimba isipoingia, wa kwanza kuulizwa ni mke. Atapelekwa kwa mganga, ataambiwa ana jini mahaba, wifi atamkumbusha mimba ya usichana ambayo hakuwa nayo. Maumivu ya hedhi yanayomlaza chini ataambiwa ndiyo uanamke. Hakuna anayemuuliza alifanya kazi gani miaka kumi iliyopita.

Kwa hiyo tunadai. Vipodozi na dawa za nywele ziwe na orodha kamili ya kilichomo, kwa Kiswahili, na Shirika la Viwango Tanzania lipime sampuli kutoka Kariakoo na masoko ya mikoani, kisha matokeo yatangazwe hadharani pamoja na majina ya bidhaa. Chupa ya mtoto isiuzwe kabla haijathibitishwa kuwa haina bisfenoli ya aina yoyote. Msusi, mfanyakazi wa shamba la maua na mpiga dawa wapewe glovu, barakoa na hewa ya kutosha kwa gharama ya mwajiri, na mjamzito ahamishwe kwenye kazi hizo bila kukatwa mshahara. Kliniki za uzazi ziandike kwenye kadi kazi anayofanya mwanamke na vitu anavyovigusa. Swali hilo halina gharama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Tunaitaka itekelezwe, mji wa mimba ukiwa sehemu ya mazingira hayo.

Hatumwagizi mwanamke maskini anunue sufuria mpya na mafuta ya bei mbaya, kisha tumlaumu akishindwa. Funika wali kwa sahani, mimina supu kwenye bakuli, fungua dirisha la saluni. Hayo yako mikononi mwetu. Mengine yako mikononi mwa anayetengeneza, anayeagiza na anayetoa kibali, na huko ndiko tunakokwenda.

Ukiwa na kopo ambalo lebo yake haisemi kilichomo, usilitupe. Lilete kwenye mkutano wetu, tulipeleke likapimwe.