Msiseme Tumepumzika

Akifa mtu mwenye ulemavu wa akili, rambirambi zetu hubadilika. Mwombolezaji hamwambii mfiwa pole kwa kuondokewa. Humwinamia, akamshika mkono na kumwambia: "Mungu amempumzisha, na wewe umepumzika." Padri husema hivyo, mjumbe wa nyumba kumi husema hivyo, na jamaa aliyetoka mbali kwa basi la usiku naye husema hivyo hivyo, wengine huku wakilia machozi ya kweli. Nimeyasikia maneno hayo kwenye misiba ya Wakristo na ya Waislamu, Tanga na Dar es Salaam. Nimeyasikia nyumbani kwetu Muheza tulipomzika mjomba, kitinda mimba wa bibi yangu, aliyezaliwa na sindromu ya Down. Nayapinga. Imani iliyo nyuma yake ni ya uongo, inamwumiza mfiwa, na mbaya zaidi, inawafupishia maisha walio hai.

Tazameni wasifu wa marehemu. Kwa mtu mwingine yeyote tunausoma kwa kirefu kabla ya kuaga mwili: alisoma wapi, alifanya kazi gani, alifunga ndoa lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Wa mjomba ulikuwa mistari minne. Alizaliwa Muheza. Alikuwa mgonjwa tangu utotoni. Alilelewa na mama yake, kisha dada yake. Hakuacha mjane wala mtoto. Msomaji akaikunja karatasi, ibada ikaendelea. Chini ya turubai lile walikaa watu waliomfahamu mjomba maisha yake yote, na hakuna aliyenong'ona kwamba kuna kitu kimesahaulika.

Kilichosahaulika ni mtu mzima mwenye kazi zake. Kengele ya kanisa letu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na kwa miaka mingi rimu ile ilikuwa mikononi mwa mjomba. Saa hakujua kuisoma. Alitazama kivuli cha ukuta, na siku za mawingu alimtuma mtoto dukani kuuliza. Ibada ikiisha alikuwa anajua nani hakuja, na Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni pa mtu huyo kupiga hodi na kuuliza kulikoni. Wako wazee kijijini waliokutwa hoi kitandani kwa sababu mjomba alipiga hodi na hakuitikiwa. Kazi hiyo tungeiita uzee wa kanisa kama angeifanya mwingine.

Na nazi! Hakuna shughuli iliyofanyika mtaani kwetu ambayo mbuzi ya nazi ilikaliwa na mtu mwingine. Alikaa upande, mguu mmoja ameukunja, akakizungusha kipande cha nazi taratibu chini ya kiganja, na kabla meno ya mbuzi hayajagusa kifuu alikwisha kuacha. Nazi yake ilitoka nyeupe tupu, bila chembe ya kahawia. Wapishi wa harusi walimwekea nafasi mapema. Ole wake aliyethubutu kumwondolea kipande ambacho hajakimaliza.

Kukasirika alijua, ndiyo maana nawapinga pia wale wanaodhani wanamheshimu kwa kumwita malaika. Mjomba hakuwa malaika. Alificha sukari. Alimwonea wivu mtoto yeyote aliyepakatwa na dada yake. Alinuna siku nzima kwa sababu mtu kakalia kiti chake. Alimpenda binti wa jirani, na kila msimu wa machungwa, pesa zilipoonekana nyumbani, aliuliza mahari ni kiasi gani. Watu walicheka, yeye hakuwa anatania. Mtu aliyetamani kuoa akanyimwa hata jibu la maana hawezi kufupishwa kuwa roho safi isiyojua lolote. Malaika hana haki za kudaiwa. Mwanamume mwenye hamu, wivu na kazi anazo, na ndiyo maana jina la malaika linatufaa sisi kuliko yeye.

Sasa turudi kwenye huko kupumzika. Sindromu ya Down hutokana na kuwa na kromosomu ya 21 ya ziada. Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa nayo huwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu ambalo huzibwa kwa upasuaji mtoto akiwa mdogo. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wenye hali hii waliishi kwa wastani miaka 25 hivi. Leo wanakaribia 60. Kromosomu haikubadilika katika muda huo. Kilichobadilika ni kwamba madaktari waliacha kuwanyima upasuaji wa moyo, na watoto wakaacha kufungiwa kwenye mabweni ya serikali, wakalelewa nyumbani. Kumbe vifo vile vya mapema, ambavyo watu walivipokea kama mapenzi ya Mungu, vilikuwa maamuzi ya watu.

Mjomba alipokuwa mtoto, miaka ya 1970, upasuaji huo haukuwepo nchini, na simlaumu yeyote kwa hilo. Leo upo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili, hupasua mioyo ya watoto waliokuwa wakisubiri kupelekwa India. Lakini mtoto atafikaje huko kama muuguzi wa kwanza kumpokea anamwambia mama, "Hawa hawaishi sana, usijisumbue"? Maneno hayo aliambiwa bibi kuhusu mjomba, na mama mmoja kijana aliniambia kwamba naye ameambiwa hivyo hivyo, katika karne hii. Hayo ni maneno ya msibani yaliyotangulia msiba. Tukiamini kwamba kufa kwao ni kupumzika, hatutaona sababu ya kukimbia nao hospitali. Mjomba alikufa kwa homa ya mapafu, akihema kwa shida siku kadhaa. Nilikuwepo. Hakuna aliyepumzika pale.

Najua atakuja mtu kunijibu kwamba mlezi huchoka. Ni kweli, na nalisema kwa sauti. Mama yangu alimwogesha mdogo wake alipougua, alimfulia, aliamka naye usiku, hakusafiri. Lakini kuchoka kwake kulitokana na kuachwa peke yake. Hao waliokuja kumwambia amepumzika hawakuwahi kumpumzisha hata wikiendi moja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataja afya, elimu na ajira kama haki. Zahanati, darasa na ujira vingemsaidia mama wakati mjomba akiwa hai. Shule za kuwafundisha watoto hawa zipo: Irente Rainbow kule Lushoto, Sinza Maalum jijini Dar es Salaam. Chuo cha Patandi, Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Shule hizi ni chache mno kwa nchi kubwa kama hii. Kwa niaba ya mlezi anayechoka tudai nafasi katika shule kama hizo, sio kumpongeza kwa kaburi.

Charles de Gaulle, aliyeiongoza Ufaransa, alikuwa na binti mwenye sindromu ya Down, Anne, aliyezaliwa 1928 na kufariki 1948 akiwa na miaka 20. Yeye na mkewe walimlea nyumbani wakati ambapo matajiri wa Ulaya waliwaficha watoto wa namna hiyo, na wakaanzisha taasisi yenye jina lake. Mwaka 1952 de Gaulle aliandika wosia wa mazishi: asizikwe kwa taratibu za kitaifa, alazwe kijijini Colombey katika kaburi la Anne. Mwaka 1970 ikawa hivyo. Baba huyo hakuwa mtu aliyetuliwa mzigo.

Sisi hata jina tunaogopa kulirithisha. Binamu yangu alipotaka kumpa mwanawe jina la mjomba, wazee walimkataza, wakidai litaleta mkosi, ingawa ukoo mzima umejaa majina ya wajomba walevi na mababu wadhulumati. Picha ya kuweka juu ya jeneza nayo ilitusumbua. Haikuwepo hata moja aliyopigwa peke yake. Tulikata uso wake kutoka picha ya harusi ambamo alisimama pembeni kabisa, bega la mtu mwingine likiwa limemziba nusu shavu, ikakuzwa studio hadi ikawa na ukungu.

Binamu yangu alishikilia msimamo. Mtoto ana jina la mjomba, mwaka huu ameanza shule.

Nawaomba ninyi mnaopewa kalamu usiku wa msiba. Mkiambiwa marehemu hana historia, kaeni na aliyeishi naye, mwulizeni alifanya kazi gani, alimpenda nani, aligombana na nani na kwa nini, aliugua nini na nani alikataa kumtibu. Andikeni yote, msome yote, hata waombolezaji wakichoka na jua. Na mkifika kwa mama yake au dada yake, mwambieni pole kwa kufiwa, kisha nyamazeni.