Kufilisika si dhambi, kuficha mali ndiyo dhambi



Mwalimu mmoja wa parokia yetu hakuonekana kanisani kwa miezi minne. Nilipomtembelea aliniambia, "Padri, nitakujaje mikono mitupu?" Benki ilikuwa imemruhusu kutoa fedha kupita zilizokuwa kwenye akaunti yake. Kila mshahara ulipoingia, deni na riba viliumeza, naye akakopa tena kabla ya tarehe kumi. Sehemu ya mkopo ule ilikuwa imelipa ahadi yake ya harambee ya ujenzi wa kanisa. Mimi ndiye niliyelisoma jina lake mbele ya waumini.

Kisha akaniuliza: je, ni dhambi Mkristo kuomba atangazwe kuwa amefilisika?

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mjane anamlilia Elisha kwa sababu mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii hamkemei. Anamuuliza ana nini nyumbani, kisha anamtuma kuazima vyombo kwa majirani. Mafuta yanapovijaza, anamwagiza auze, alipe deni, na wao waishi kwa yatakayobaki. Deni linalipwa, lakini watoto hawauzwi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 kuhusu waliofilisika nayo huanza na swali hilo la Elisha: una nini, na unadaiwa na nani? Mwenye mali, mali yake hugawiwa wadai, naye kwa kawaida huwekwa huru baada ya miaka mitatu. Asiye na mali, mwenye madeni ya kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni, ana utaratibu wake wa miezi 12. Lakini deni la ulaghai halifutwi.

Ndugu zangu, hata Torati iliamuru madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Mungu alijua kuna mizigo ambayo mtu hawezi kuitua peke yake.

Kwa hivyo nilimjibu mwalimu: si dhambi, mradi useme kweli. Nenda kwanza benki, uombe kulipa kidogo kidogo. Ikishindikana, sheria ipo. Dhambi ni kuandikisha shamba kwa jina la shemeji kisha kuapa huna kitu. Hapo umevunja amri ya saba na ya nane kwa pamoja. Na Mungu akikuinua tena, mkumbuke mama wa duka aliyekukopesha unga kwa kukuamini tu. Sheria inaweza kukusamehe deni lake, lakini dhamiri itakuuliza.

Nasi tuwe majirani wa kuazima vyombo. Jumuiya zetu ndogo ndogo ziulize nani ametoweka, na kwa nini. Nami nimeacha kusoma majina ya waliotoa na wasiotoa.

Leo kikapu cha sadaka kikimpita jirani yako bila yeye kutia kitu, usigeuze shingo kumtazama. Mpe mkono wa amani. Jumapili njema.