Urefu Si Hoja Peke Yake

Msomaji mpenzi, ukiteremka Mwabungo, kule Kwale kati ya Diani na Msambweni, kandanda haihitaji mwaliko. Mpira mmoja, mawe mawili ya goli na mchanga, mchezo umeanza. Ama mpira wa vikapu, adui wake wa kwanza ni mchanga huo huo. Mpira huu lazima udundishwe, na mchanga humeza mdundo.

Je, wajua kwamba mchezo huu ulizaliwa kwa kuungaunga? Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alipewa siku 14 abuni mchezo wa ndani. Nje kulikuwa na baridi kali, na wanafunzi wake 18 walikuwa watukutu. Aliomba masanduku mawili, akaletewa matenga ya kutilia matunda. Akayapigilia kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka chini. Tangu siku hiyo kimo hicho hakijabadilika! Mechi ya kwanza iliisha kwa bao 1-0, na mpira ulipotumbukia, mtu alipanda ngazi kuutoa.

Kanuni zake 13 zilikuwa na busara. Alikataza kukimbia na mpira mkononi ili wachezaji wasikamatane na kuangushana kwenye sakafu ngumu. Kikapu alikiweka juu ili mtu atumie shabaha, si mabavu. Leo kila timu huingiza wachezaji watano, kwa vipindi vinne vya dakika 10. Timu ina sekunde 24 za kurusha. Kikapu cha kawaida ni pointi mbili, cha mbali ni tatu, na kila mtupo wa adhabu ni moja. Ukifanya makosa matano, unatoka.

Wazazi wengi husema, "Mwanangu ni mfupi, hayo si yake." Tazama basi mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua vijana wapya. Wa pili kuchaguliwa alikuwa jirani yetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye zaidi ya mita 2.2, Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Wa saba alikuwa Stephen Curry, asiyefika hata mita 1.9. Thabeet alifungua njia, lakini hakudumu sana kule. Curry ndiye aliyekuja kuvunja rekodi ya vikapu vya pointi tatu mwaka 2021, kwa mazoezi ya kurusha tangu utotoni.

Mwaka huo huo, Kenya nayo ilikuwa na lake. Huko Yaoundé, Tylor Ongwae alirusha mpira sekunde za mwisho kabisa, tukaishinda Angola, mabingwa mara nyingi wa Afrika, kwa 74-73. Kenya ikarudi kwenye mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993, chini ya kocha mwanamke, Liz Mills wa Australia.

Sasa, msomaji, kijana wa Mwabungo anayetaka kuwaona wakali wa Bandari wakicheza lazima asafiri hadi Mombasa. Nauli hiyo si mchezo kwa mzazi wa kawaida. Huenda kipaji kikazeeka kabla ya kugusa mpira.

Lakini Naismith alianza na tenga. Sisi tuna mapakacha, na minazi imesimama. Likizo hii ukiwapeleka watoto ushago, beba mpira mmoja. Toboa pakacha chini, lifunge futi 10 juu ya mnazi, wafundishe watoto kulenga na kupasiana. Hayo hata mchangani yanawezekana. Kudundisha kutangoja sakafu, na sakafu ya saruji shuleni ni jambo ambalo kamati ya wazazi yaweza kulijadili. Wasichana wasiachwe nyuma: wenzao walianza kuucheza mwaka 1892, miezi michache tu baada ya wavulana.

Haya, tukutane Jumapili ijayo.