Mwalimu wa Kiingereza Anapouogopa Ulimi Wake

Ukitoka Eldoret kwa barabara ya Nakuru, unakunja Cheptiret kuelekea Kesses, kwenye bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi. Tangu chuo hicho kianzishwe mwaka 1984, walimu wengi wa sekondari nchini wamepita njia panda hiyo wakiwa wanafunzi. Kila wakati wa mazoezi ya kufundisha shuleni, yaani TP, ukikaribia, wanaosomea Kiingereza na Fasihi hubeba hofu ambayo wenzao wa Hisabati hawana. Mwalimu wa Hisabati akitamka b badala ya p, jibu lake ubaoni halibadiliki. Wa Kiingereza akifanya hivyo, kilichokosewa ni somo lenyewe, na darasa linaangua kicheko. Kosa hilo Wakenya wanalijua kwa jina: kushrabu.

Wengi huichukulia hofu hii kama udhaifu wa mtu binafsi, kwamba kijana hakusoma vya kutosha au hana ujasiri. Mimi naona tumeifundisha sisi wenyewe, darasa baada ya darasa.

Tazama jina la mji wa Kapsabet. Katika Kikalenjin, lugha ya wenyeji wa eneo hili, p na b hazitofautishi maana ya maneno. Ni sauti moja inayobadilika kulingana na jirani zake: kabla ya s unasikia p, katikati ya irabu unasikia b. Kaptagat ni vivyo hivyo, k mwanzoni na g katikati ya irabu. Kwa hiyo aliyelelewa Nandi au Uasin Gishu akisema "pata" akikusudia bata, anafuata kanuni kamili ya lugha yake. Mwanafunzi wa ualimu hukutana na maarifa ya aina hii katika isimu, akayajibia mtihani, kisha akaenda kufundisha akiamini ulimi wake una kasoro. Laiti angeambiwa kwamba jina la mji jirani linatosha kufungulia somo zima la matamshi!

Halafu siku ya kukaguliwa inafika. Mhadhiri anaketi dawati la nyuma na fomu ya alama mkononi. Kuanzia hapo, kijana hafundishi tena watoto walio mbele yake, anafundisha lile dawati la nyuma. Neno analolitilia shaka analiandika ubaoni asilitamke. Kifungu cha riwaya anampa mwanafunzi mwenye sauti nzuri akisome. Andalio la somo ni safi, azimio la kazi limepangika, lakini lugha imekimbiwa. Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani Frances Fuller aliandika kwamba anayeanza ualimu hujiwazia yeye kwanza, na kuwawazia wanafunzi huja baadaye. Tukija na fomu ya alama tangu ziara ya kwanza, tunamfungia kwenye hatua hiyo ya kujiwazia.

Mtihani nao haumsaidii. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, stadi za kuzungumza zina alama 30 kati ya 60, na zote hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa hupigia mstari herufi isiyotamkwa na huandika neno linalofanana kwa sauti na jingine, bila kufungua kinywa. Mwalimu mwanagenzi mwenyewe alipita kwa njia hiyo. Anaweza kufika mwaka wa tatu chuoni bila mtu kumsikiliza akisoma ukurasa mmoja kwa sauti na kumrekebisha kwa upole.

Kilichokuwepo badala ya upole ni diski, kibao alichovishwa shingoni mwanafunzi aliyekutwa akisema lugha ya mama. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza desturi ya aina hiyo mwaka 1986, akikumbuka adhabu na fedheha aliyopata mtoto wa Limuru aliyekutwa akisema Kigĩkũyũ shuleni. Vizazi vilivyofuata navyo vimeivaa diski. Aliyeivaa shingoni akiwa mdogo sasa ndiye mwalimu wa Kiingereza, na katika shule ambako desturi hiyo ingalipo huenda akatarajiwa kuisimamia. Mtu huyo tunamdai atulie mbele ya darasa!

Mzazi atauliza: je, mwanangu afundishwe matamshi mabovu? La. Tofauti ya p na b katika Kiingereza hubeba maana, na lazima ifundishwe na kufanyiwa mazoezi. Lakini lafudhi ya Kesses au ya Murang'a isiyoficha maana haistahili kukatwa alama, na mkaguzi anapaswa kuyatenganisha mambo haya mawili katika fomu yake.

Ombi langu kwa vyuo ni dogo. Ziara ya kwanza ya TP isiwe na alama. Mhadhiri tayari yuko njiani na nauli imeshalipwa. Aingie, asikilize, na kengele ikilia aketi na kijana huyo chini ya mti, wasome pamoja kwa sauti kifungu kile alichokikwepa.