Rahisi Haivunji Upishi

Wako watu wenye elimu wasemao kuwa haimpasi msafiri mwenye heshima zake kusimama njiani saa mbili akingojea chakula cha bei ndogo. Husema kuwa foleni ni mahali pa wahitaji, na kuwa mwenye uwezo hununua wakati wake kwa fedha yake. Tena huiita methali ya wazee kuwa shahidi: rahisi huvunja upishi. Maneno haya yana sura ya busara, lakini ndani yake ni matupu. Nia yangu ni kuyapinga, na uwanja wa shauri letu uwe Hong Kong, mji ambao dim sum ni chakula cha tajiri na maskini pamoja.

Dim sum ni vyakula vidogo vidogo viliwavyo pamoja na chai tangu asubuhi mpaka alasiri. Viko vifurushi vya kamba vipikwavyo kwa mvuke katika vikapu vya mianzi, na iko mikate iliyojazwa nyama ya nguruwe, ambayo baadhi ya wasomaji wetu hawataionja kwa ajili ya dini yao. Wenyeji hawasemi kuwa wanakwenda kula. Husema wanakwenda kunywa chai. Udogo wa vyakula hivi usimdanganye mtu. Ngozi ya unga ikizidi unene huifunika ladha ya kamba. Ikizidi wembamba hupasuka. Ikikawia mvukeni hulegea. Kazi hii hudai mkono uliofundishwa kwa miaka mingi.

Sasa na tuipime ile methali. Mpishi Mak Kwai Pui alikuwa fundi wa dim sum katika Lung King Heen, mkahawa wa hoteli kubwa uliokuwa wa kwanza wa Kichina kupewa nyota tatu na kitabu cha Michelin. Mwaka 2009 yeye na mwenzake walifungua Tim Ho Wan, duka dogo lenye viti kama 20 katika mtaa wa Mong Kok. Muda si mrefu nalo likapewa nyota moja, na watu wakajipanga nje kwa saa nyingi. Waheshimiwa wetu watujibu: ufundi wa mtu huyu ulipungua wapi? Mkono ulikuwa ule ule. Kilichoondoka ni mazulia, vyombo vya fahari na dirisha litazamalo bandari. Basi sehemu kubwa ya bei ya hotelini haikuwa bei ya upishi. Wazee walisema kweli juu ya bidhaa hafifu. Hawakusema kuwa kila kilicho ghali ni kizuri.

Atasimama mwanachuo wa uchumi aseme: bei na ipandishwe, foleni itakwisha. Ni kweli itakwisha, lakini itakwisha kwa kuwafukuza waliomo. Chakula kizuri kikiwa kichache hapana budi kuwe na mlango wa kuingilia. Mlango wa bei humwuliza mtu ana nini. Mlango wa foleni humwuliza amefika lini. Mimi nauchagua wa pili, kwa kuwa mbele yake mchukuzi aliyetangulia humpita tajiri aliyechelewa.

Hata hivyo iko hoja moja yenye nguvu, nayo sitaikimbia. Saa ya msafiri aliye likizoni si sawa na saa ya mfanyakazi mwenye nafasi fupi ya chakula cha mchana. Wageni wakijaa, jirani hukosa kiti katika duka lililofunguliwa mtaani kwake. Dhambi hii ni ya mgeni asiye na adabu. Foleni haina hatia. Mgeni na aende saa ambazo wafanyakazi wako kazini. Akubali kuketi meza moja na asiowajua, kama ilivyo desturi ya huko. Akiisha kula aondoke, wala asimlipe mtu kumsimamia, kwa maana huko ni kurudisha mlango wa bei kwa siri. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Jembe la msafiri ni kungoja zamu yake.

Tena asiwe mtumwa wa nyota. Kitabu kile kilianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na kampuni ya mipira ya magari, ili wenye magari wasafiri zaidi. Nyota huja na huondoka. Hata ile ya Tim Ho Wan iliondoka. Nyumba nyingi za chai za Hong Kong hazikupewa nyota kamwe, na asubuhi hujaa wazee wenye magazeti yao. Foleni ya wazee hao ni ushahidi mzito kuliko kitabu, kwa sababu wao wataila kesho hukumu waliyoitoa leo.

Adharauye foleni ya chakula rahisi hudharau watu wawili: fundi aliyekataa kuuza ustadi wake kwa matajiri peke yao, na mtu wa kipato kidogo ajuaye kitamu ni kipi. Msomi asiyeweza kusimama nyuma ya mtu huyo hana haki ya kuandika juu ya usawa.